Nimechanja ng'ombe wangu chanjo ya kiwele yenye "kiamsha kinga" na bado mmoja kaugua. Wadau, tatizo liko wapi?

#1 Mama Ndama (Hai)

Wadau habari za jioni. Mi nafuga Hai, Kilimanjaro, kwa juu, nina ng'ombe watano wa maziwa, wanne machotara wa Friziani na mmoja Jezi. Mwaka jana ugonjwa wa kiwele ulinitesa jamani, nimetibu mara sita ndani ya miezi minane, kila ukitibu ni tyubu tatu nne za dawa ya kuingiza kwenye chuchu na maziwa unamwaga mpaka dawa itoke mwilini, na Jezi wangu robo ya kiwele ya nyuma kushoto imekufa kabisa haitoi hata tone. Sasa mfugaji mwenzangu akaja na habari kuna chanjo ya kiwele inatoka nje, ndani imewekwa kitu cha kuamsha kinga, ng'ombe akichomwa mwili unapigana wenyewe. Tukachanga wafugaji watatu tukaagiza. Nimechanja wote watano siku moja, baada ya wiki mbili nikarudia, ya tatu sijachoma maana chupa ziliisha.

Sikitu kazaa wiki tatu zilizopita, lita 17 kwa siku, nikasema Mungu mkubwa. Juzi alfajiri nakamua michirizi ya kwanza naona mabonge, robo ya nyuma kulia ina moto, na ananipiga teke. Huyu ng'ombe hajawahi kunipiga teke tangu mtamba. Swali langu, hii chanjo ni ya uongo au mi ndo nimekosea? Na hicho kiamsha kinga ni nini hasa, kisije kikawa ndo kimemletea ugonjwa.

#2 Mwana wa Pangani

Pole dada. Kwa ufupi umepigwa. Chanjo ya kiwele haipo duniani, kiwele ni uchafu wa banda basi. Zipo za kimeta, chambavu, miguu na midomo, homa ya mapafu, ndigana kali. Ya kiwele hakuna.

#3 Tabibu wa Zizi

Mwana wa Pangani hapo umeteleza kaka, zipo na si za jana. Marekani wana chanjo ya bakteria E. koli inayoitwa J5 tangu miaka ya 90 mwanzoni, hao J5 ni bakteria waliopoteza ganda lao la nje kwa hiyo kinga ya ng'ombe inaona kile cha ndani ambacho E. koli wengi wanafanana. Ulaya iliidhinishwa 2009 chanjo moja, Startvac ya kampuni ya Hipra ya Hispania, ina huyo J5 pamoja na bakteria wengine, stafilokokasi, waliouawa. 2018 ikaja nyingine ya bakteria streptokokasi uberisi.

Mama Ndama pole sana. Usitaje jina la chanjo yako hapa wala aliyekuletea, nitumie picha ya kibandiko pembeni. Maswali matatu tu: Sikitu alichomwa siku ngapi kabla ya kuzaa, chupa ilikaa wapi kabla ya kuchoma, na maziwa yenye mabonge ulichukua sampuli kabla ya kuweka tyubu?

#4 Mama Ndama (Hai)

Asante daktari. Ya kwanza alichomwa kama wiki sita kabla ya kuzaa, ya pili wiki nne kabla. Sampuli sikuchukua, tyubu niliweka jioni ileile, nilikuwa na hofu robo isife kama ya Jezi. Kuhusu kukaa, ilikaa kwenye friji.

#5 Kiambu Dairy

Sasa mimi ni mfugaji Githunguri, nina ng'ombe saba zero grazing, za kulishwa ndani ya banda. Hiyo kitu daktari aliniambia 2021 nikakataa. Sababu ni hii, pesa ya kudunga ng'ombe moja mara tatu naweza kununua iodini ya kuchovya chuchu miezi mingi. Mimi nimefanya vitu nne tu. Kila ng'ombe na kitambaa yake. Nakamua kavu sio kupaka maji kiwele yote. Nachovya chuchu kila baada ya kukamua. Na chakula nawawekea wakimaliza kukamuliwa sio kabla, ndio wasimame, kwa sababu tundu la chuchu inabaki wazi kama nusu saa mpaka saa nzima na ng'ombe ikilala kwa mavi wakati huo bakteria inaingia tu kama mlango imeachwa. Kiwele nimeona mara moja mwaka huu.

#6 Mwana wa Pangani

Daktari nimekubali nimesahihishwa, sikujua. Ila #5 kasema nilichokuwa namaanisha.

#7 Shangazi Rungwe

Mi nataka jibu la swali la pili la dada, maana hata sisi huku Tukuyu tunaambiwa "ina kiongeza nguvu" halafu hakuna anayefafanua. Ni dawa? Ni homoni? Maziwa yake mtoto anaweza kunywa?

#8 Tabibu wa Zizi

Shangazi shikamoo. Si homoni na si antibayotiki. Wataalamu wanakiita ajuvanti. Ngoja niandike kirefu kidogo maana hapa ndo penye utamu.

Chanjo za kiwele nyingi ni za bakteria waliokufa. Mwili wa ng'ombe ukikutana na mfu unamwangalia unapita, hauna haraka naye. Kwa hiyo mtengenezaji anachanganya na kitu kinachofanya kazi mbili: kinamshikilia yule mfu pale alipochomwa asitawanyike haraka, na kinapiga kelele kidogo, yaani kinaleta uvimbe mdogo ili seli za ulinzi zikimbilie pale, zimkute, zimbebe hadi kwenye tezi zikawafundishe wenzao. Bila hiyo kelele chanjo ya mfu inakuwa dhaifu sana.

Aliyeligundua hili ni Gaston Ramon, Mfaransa, naye alikuwa daktari wa mifugo. Miaka ya 1920 walikuwa wanachoma farasi sumu ya dondakoo iliyopunguzwa makali ili wavune kingamwili za kutibia watoto. Ramon akaona farasi waliopata jipu pale kwenye sindano ndo wanaotoa kingamwili nyingi. Akaanza kuchanganya vitu makusudi ili pavimbe, hadi makombo ya mkate, hadi tapioka. 1926 Muingereza Glenny akaja na chumvi za alumini, ndizo zinatumika mpaka leo. Baadaye Freund akatumia mafuta ya madini. Hiyo ya Ulaya niliyotaja ina mafuta ya parafini.

Maziwa yanafaa, chanjo ya namna hii haina siku za kusubiri.

#9 Kijana wa Muheza

Tapioka si ndo wanga wa muhogo?! Yaani sisi tunao muhogo mpaka nguruwe wanausaza kumbe ungeweza kuwa ndani ya chanjo. Daktari naomba kibali nianze kiwanda nyuma ya nyumba.

#10 Shangazi Rungwe

Marahaba daktari, sasa nimeelewa. Kijana wa Muheza wewe pika huo muhogo kwanza, tukusikie umeshiba.

#11 Nesi Rombo

Naingia japo mi si wa mifugo, nipo kitengo cha chanjo za watoto miaka kumi na moja sasa. Mama Ndama umesema "ilikaa kwenye friji", friji ya nani na sehemu gani ya friji? Maana watu wanajua chanjo inaogopa joto ila hawajui nyingine zinaogopa barafu zaidi. Zetu zenye alumini kama pentavalenti na ya pepopunda zikiganda mara moja tu zimekufa, hata ukiyeyusha ikaonekana nzuri. Joto ni nyuzi 2 hadi 8, si chini si juu. Sisi ukiwa na shaka unafanya jaribio la kutikisa: unachukua chupa moja ya aina ileile na toleo lilelile unaigandisha makusudi, unaiyeyusha, unatikisa zote mbili pamoja halafu unaziweka mezani. Iliyoganda inatua chini haraka kama matope, nzima inachelewa. Ya kwako ikitua kama ile ya makusudi, tupa.

#12 Mama Ndama (Hai)

Nesi umenigusa. Friji ni ya jirani anayeuza soda na maji. Umeme ulikatika karibu siku mbili, yeye kwa nia njema akaitoa akaizungushia vifuko vya barafu kwenye ndoo yenye kifuniko. Nilivyoenda kuichukua chupa ilikuwa imeganda pembeni, nikaishika mkononi ikayeyuka, nikachoma. Sikulisema mwanzo kwa sababu sikujua ni jambo. Roho inaniuma, hela yote ile.

#13 Tabibu wa Zizi

Usijilaumu, hata maduka ya dawa yanafanya hivyo. Nesi asante, ila niongeze sahihisho dogo: jaribio la kutikisa ni la zile zenye alumini tu. Ya mafuta haifanyi hivyo. Chanjo ya mafuta ni kama maziwa yenyewe, matone madogo madogo yaliyofungwa pamoja, ikiganda ule mfungo unaachia, unaona tabaka la mafuta juu na maji chini na ukitikisa halirudi kuwa kitu kimoja, na kuna wakati umeharibika kiasi ambacho jicho halioni. Mama Ndama ulivyovuta kwenye sindano ilikuwa nyeupe sawasawa au ilikuwa na mistari?

#14 Mama Ndama (Hai)

Ya kwanza nyeupe tupu kama maziwa. Ya pili ndo ile ya barafu, ilikuwa na kama mafuta yanaelea, nikatikisa sana.

#15 Kijana wa Muheza

Basi kesi imeisha, barafu ndo muuaji.

#16 Mbongo Friesland

Haijaisha mdogo wangu. Mi niko Uholanzi kaskazini huku wanakotoka hao Friziani, nakamua shamba la ng'ombe 140 mwaka wa tano. Tunachanja. Ratiba yetu ni siku 45 kabla ya kuzaa, siku 10 kabla ya kuzaa, halafu siku 52 baada ya kuzaa. Mama Ndama karudia baada ya wiki mbili badala ya wiki tano, na ya tatu siku yake haijafika ila chupa zimeisha. Hata bila barafu huyo ng'ombe chanjo yake haijakamilika.

Halafu hapa kuna jambo la pili. Hata kwetu ambako friji haizimi, kiwele hakijaisha. Kilichobadilika ni ukali. Zamani tukipata E. koli ng'ombe analala chini masikio ya baridi, asubuhi unamkuta kafa. Sasa anaumwa siku mbili anainuka. Tajiri wangu anachanja kwa sababu hiyo na kwa sababu antibayotiki za kinga wamezibana, Uholanzi tangu 2012 huruhusiwi kumwekea kila ng'ombe tyubu za kukaushia (za antibayotiki, anapoachishwa kukamuliwa) bila sababu, na Ulaya nzima sheria imebana 2022. Na ujue siku mbili baada ya chanjo maziwa yanashuka kidogo, usishtuke.

#17 Kiambu Dairy

Mbongo umesema yote. Kwa hiyo chanjo haizuii. Sasa kwa nini mimi mwenye ng'ombe saba ninunue?

#18 Mwanafunzi wa Moro

Salaam wakuu, niko Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) mwaka wa nne tiba ya mifugo. #17 si kwamba haizuii kabisa, majibu yanapishana. Italia kwenye mashamba mawili, kwa ile Startvac, matokeo ya 2014, walikuta stafilokokasi oreasi anasambaa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine pungufu kwa karibu asilimia 45. Uingereza matokeo ya 2015 chanjo hiyohiyo walikuta idadi ya wanaougua haikupungua, ila waliougua waliugua kwa wepesi na waliochanjwa kamili walitoa maziwa zaidi. Sasa ukiwa kwenye mtihani unaandika lipi? Mi naona tofauti ni bakteria gani wako kwenye zizi. Mashamba yenye stafilokokasi wa kuambukizana kwa mikono na yale yenye bakteria wa mazingira si kitu kimoja.

#19 Tabibu wa Zizi

Vizuri kijana. Niongeze kwa nini kiwele ni pagumu kuliko mapafu au miguu na midomo. Kiwele kimejaa maziwa, lita na lita, kingamwili zinaingia zinachanganyika zinakuwa nyepesi. Seli nyeupe zikifika zinakuta matone ya mafuta na kasini (protini ya maziwa), zinameza hayo zinashiba, hazina nguvu tena ya kumeza bakteria. Na stafilokokasi oreasi anajua kujificha, anaingia ndani ya seli za kiwele, anajenga makovu anakaa katikati, anajifunika ute. Ndo maana unatibu anatulia, wiki tatu anarudi robo ileile. Hapo ajuvanti inatakiwa iamshe aina ya kinga inayofaa, si kelele tupu. Alumini inaleta kingamwili nyingi lakini si lazima ziwe za aina inayosaidia seli nyeupe kumeza.

#20 Mwana wa Pangani

Daktari swali. Chanjo ya ndigana kali tunachoma mara moja, sikioni kunawekwa hereni, maisha yote. Hiyo nayo ina ajuvanti? Mbona yenyewe inafanya kazi?

#21 Tabibu wa Zizi

Haina na haihitaji. Ile ni vimelea hai vya ndigana vyenyewe, vinachomwa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili ng'ombe augue kidogo tu. Aliye hai anajitangaza mwenyewe. Sawa na ya mdondo ya I-2 mnayodondoshea kuku jichoni. Ajuvanti ni kwa ajili ya wafu na vipande.

#22 Baba Wawili Kisumu

Kitu ingine, mtoto wangu alipata ile chanjo ya malaria ilipoanza huku magharibi 2019, nikasoma ndani ina dawa ya mti wa Chile. Ni hiyo hiyo?

#23 Mwanafunzi wa Moro

Ndiyo mkuu. Ni sapo inayotoka kwenye gome la mti unaitwa Quillaja, ukilisugua kwenye maji linatoa povu kama sabuni. Mifugo waliitangulia, chanjo za miguu na midomo zimetumia sapo ya mti huo miaka mingi, baadaye wakaisafisha mpaka ikafaa kwa binadamu.

#24 Bwana Shamba Mstaafu

Nimesoma kurasa zote. Vijana mnazungumzia mafuta ndani ya chanjo bila kuonya watu wanaojichomea wenyewe. Mwenzangu tulikuwa tunachanja kuku wa mayai ile ya mafuta, kuku akajirusha sindano ikamwingia kwenye dole gumba. Tone dogo. Akacheka akaendelea na kazi. Jioni kidole kimejaa, usiku hakulala, zahanati wakamchoma ya pepopunda wakamrudisha nyumbani. Siku ya pili kidole cheusi, hospitali ya mkoa wakapasua wakaosha, mpaka leo hakikunji. Mafuta yakiingia kwenye kidole yanabana damu isipite. Ukijichoma kwa bahati mbaya nenda hospitali dakika hiyohiyo na ubebe kile kikaratasi cha chanjo, mwambie daktari NI YA MAFUTA, hata kama ni tone. Mama Ndama nani alikuchomea?

#25 Mama Ndama (Hai)

Nilichoma mwenyewe na mwanangu ameshika kichwa. Nimeogopa kweli mzee. Shikamoo na asante.

#26 Mla Mbege

Mnazunguka sana. Hai huko wanalisha machicha ya mbege na ya bia. Machicha ndo yanaleta kiwele, nimeona kwa mjomba, alipoacha machicha kiwele kikaisha.

#27 Shangazi Rungwe

Mjomba alipoacha machicha hakubadilisha na sakafu? Maana sisi tulisingizia majani ya viazi mwaka mzima kumbe ni mkamuaji, alikuwa anakamua ng'ombe mgonjwa wa kwanza halafu anaendelea na wazima kwa mikono ileile iliyopakwa mafuta ya kukamulia kutoka kopo moja. Tukapanga upya, wazima kwanza, mgonjwa mwisho. Kesi zikapungua bila chanjo wala kubadili chakula.

#28 Mla Mbege

Sakafu alimwaga zege mwezi uleule ndiyo. Ila bado nasema machicha.

#29 Mwanafunzi wa Moro

Chakula kina sehemu yake ila si kwa njia hiyo. Ohio Marekani 1984 walionesha ng'ombe waliopewa vitamini E kipindi wamekaushwa walipata kiwele pungufu kwa asilimia 37. Seli nyeupe bila vitamini E na seleniamu zinameza bakteria lakini zinashindwa kumuua. Vitamini E iko nyingi kwenye majani mabichi, ikikaushwa inapotea. Sasa kiangazi watu wanalisha mabua makavu na machicha, ng'ombe anazaa mwezi wa pili au wa tatu akiwa hana akiba. Kwa hiyo unaweza kumwamsha kwa ajuvanti ya dunia nzima, ila askari walioamshwa hawana risasi.

#30 Mbongo Friesland

Hapo nakubali. Na wiki mbili kabla na tatu baada ya kuzaa kinga ya ng'ombe inaanguka yenyewe hata alishwe nini, mwili wote unakimbilia kutengeneza dang'a na maziwa. Ndo maana chanjo zinaanza kuchomwa kabla ya hapo. Sikitu kaugua wiki ya tatu, ndani ya shimo lenyewe.

#31 Bwana Shamba Mstaafu

Kabla ya kuendelea kuhukumu chanjo, huyu mama alipima ng'ombe kabla ya kuchanja? Ng'ombe mwenye stafilokokasi wa zamani ndani ya kovu, chanjo haimtoi. Ile ya Ulaya inasema wazi ni kwa ng'ombe WAZIMA na ni kwa kundi lote. Huenda Sikitu alikuwa nayo tangu uzao uliopita imelala tu.

#32 Mama Ndama (Hai)

Sikupima. Nilimwangalia maziwa meupe nikajua mzima. Kipimo kinapatikana wapi na bei gani?

#33 Tabibu wa Zizi

Maziwa meupe hayasemi kitu mama, kiwele kilichojificha ndo kingi kuliko kinachoonekana. Kipimo ni kile cha California, kipo tangu 1957, kibao chenye visahani vinne, kila robo kisahani chake, unaweka dawa kiasi sawa na maziwa unazungusha, ikiganda kama ute wa yai ujue seli nyeupe zimejaa. Ukikosa dawa yake tumia sabuni ya unga ya kufulia, gramu 15 kwenye nusu lita ya maji, kiasi sawa na maziwa, zungusha, angalia ute. Wafugaji wadogo Pakistani wanatumia hivyo. Haikupi jina la bakteria lakini inakuonesha robo ipi.

Kwa jina la bakteria peleka sampuli maabara ya veterinari Arusha. Futa chuchu kwa spiriti, mwaga michirizi ya kwanza, kamua kwenye kichupa kisafi bila kugusa mdomo wa chupa, weka kwenye ubaridi, fika siku hiyohiyo. Kwa Sikitu subiri dawa iishe mwilini.

#34 Kiambu Dairy

Hii ya sabuni nimejaribu leo jioni. Ng'ombe moja yangu, ile mzuri kabisa, robo ya mbele imefanya ute. Na mimi nilikuwa najisifu hapo juu. Daktari nifanye nini?

#35 Tabibu wa Zizi

Rudia kesho asubuhi na kesho kutwa. Mkamue mwisho. Usikimbilie tyubu.

#36 Mama Ndama (Hai)

Wadau narudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya. Sikitu mabonge yameisha, maziwa yamerudi lita 13. Nilipima wote kwa sabuni, waliotoa ute ni Sikitu robo ileile na mwingine anaitwa Nuru ambaye hajawahi kuugua. Nikapeleka sampuli Arusha. Majibu ya Sikitu ni stafilokokasi oreasi. Ya Nuru ni streptokokasi. Chupa nilimtumia daktari picha, streptokokasi haimo kwenye hiyo chanjo.

#37 Bwana Shamba Mstaafu

Nilisema. Sikitu alikuwa nayo ya zamani.

#38 Mbongo Friesland

Mzee unajuaje ni ya zamani na hakupimwa? Inaweza ikawa kaipata juzi kutoka kwa Jezi aliyekufa robo, kwa sababu chanjo ya pili iliganda na ilichomwa mapema mno. Stafilokokasi ndiye aliyemo kwenye chanjo, huyo alitakiwa azuiwe.

#39 Nesi Rombo

Mi bado naamini ni barafu.

#40 Shangazi Rungwe

Na huyo Jezi mwenye robo iliyokufa anakamuliwa wa ngapi kwenye foleni?

#41 Mama Ndama (Hai)

Wa kwanza. Maana ndo mpole, mwanangu anapenda kuanza naye.

#42 Tabibu wa Zizi

Leo jioni aanze Nuru? Hapana, naye ana streptokokasi. Waanze wale wawili wazima, halafu Nuru, Sikitu, Jezi mwisho, kila mmoja kitambaa chake, iodini baada ya kukamua. Jezi tuzungumze pembeni kama abaki au aondoke. Chanjo ukitaka kurudia mwakani niambie miezi mitatu kabla, tutakuja na kibaridi cha nesi.

#43 Nesi Rombo

Kibaridi kipo, ila cha watoto hakitoki kituoni. Nitakuonesha pa kununua na kipimajoto chake.

#44 Mama Ndama (Hai)

Nashukuru wote. Nuru anazaa mwezi wa nane. Nimeshahesabu siku 45 nyuma nimeandika kwa chaki mlangoni pa banda.